Logi zamani zilifagiwa na nani?

Haya wasomaji, leo tuongee takataka: logi. Ni yale maandishi ambayo seva hujiandikia yenyewe, nani kaingia, saa ngapi, nini kimekwama. Mabaharia daftari la namna hii huliita batli, neno tamu kweli, lakini sisi wa kompyuta tumeshazoea logi. Basi iwe logi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Berkeley, California, Eric Allman alikuwa akitengeneza Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Humo ndani ikazaliwa syslog, njia ya kupeleka taarifa zote mahali pamoja. Programu nyingine zikaiiga hadi ikawa kawaida ya Unix, ingawa maelezo yake, RFC 3164, yalitoka 2001 tu! Syslog ilijua kuandika. Kufuta haikuwa kazi yake.

Na diski zilikuwa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha seva kikijaa, barua hazipokelewi na hifadhidata inagoma. Mafundi wakaandika skripti fupi na kuikabidhi cron, ambayo huamsha kazi kwa saa iliyopangwa. Katika miaka ya 1990 ikaja logrotate ya Erik Troan na Preston Brown wa Red Hat. Faili ya sasa inabadilishwa jina, mpya inafunguliwa, za zamani zinabanwa, ya kale kabisa inafutwa. Ujanja uko hapa: ukifuta faili ambayo programu bado imeifungua, Unix huondoa jina tu, nafasi hairudi. Ndiyo maana logrotate huweza kuitumia programu ishara iachie faili ya zamani na kushika mpya. Wengi hufuta kwa mkono, kisha wanashangaa diski bado imejaa.

Halafu, Machi 2006, Amazon ikafungua S3, ghala la mtandaoni kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi. Ghala lisilojaa! Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kilichotulazimisha kufagia kilikuwa diski kujaa, nacho kikaondoka. Kilichobaki kujaa ni bili, na bili husomwa na mhasibu, si fundi.

Ufagio wa S3 ulikuja Desemba 2011: unaandika kanuni mara moja, vitu vikifikisha umri fulani vinafutwa vyenyewe. Mwaka 2012 kanuni hizo zikaweza pia kuvihamishia Glacier, kwenye bei nafuu. Lakini CloudWatch Logs, iliyozinduliwa 2014, usipoitajia muda inahifadhi milele. Milele, jamani!

Hapa Kenya si suala la bili peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kuweka data ya mtu kuliko muda unaohitajika, na logi zetu zimejaa namba za simu za wateja. Upande wa pili, ukifuta kila kitu baada ya siku 30 na mdukuzi aliingia siku 45 zilizopita, huna ushahidi wowote. Mimi naona logi za kawaida ziishi siku 30, za kuingia kwenye mfumo mwaka mmoja mahali pa bei nafuu, na namba za simu zisiandikwe kabisa.

Kama unatumia AWS, andika aws logs describe-log-groups uone. Kundi lolote lisilo na retentionInDays ndilo la milele.