Manukato Yake: Ya Mume au ya Mke?

Kiswahili kina jambo moja ambalo mwanafunzi aliyeanza na Kiingereza hulistaajabia mapema. Tukisema "manukato yake", msikilizaji hawezi kujua kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Lugha imenyamaza hapo, wala haikupungukiwa na kitu. Madukani mambo ni kinyume: chupa hii imeandikwa ya wanaume, ile ya wanawake, na iko ya tatu ambayo wauzaji huisifu kuwa ni ya wote wawili. Hiyo ya tatu hutangazwa kama uvumbuzi mpya, tena yasemekana yamfaa mtu wa tabia fulani tu. Katika makala haya twapenda kuonyesha kwamba manukato ya wote ndiyo ya kale, na kwamba huo mgawanyo ndio mgeni.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno manukato latokana na kitenzi kunuka. Leo twawafundisha wanafunzi kwamba kunuka ni kutoa harufu mbaya, na kunukia ni kutoa harufu nzuri. Hata hivyo jina manukato limejengwa juu ya shina lile lile la kunuka, na hakuna alionaye baya. Marashi yametoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza, na ndugu yake ni mrashi, yaani chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia maji ya waridi. Udi, ubani, miski na ambari nayo ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu yakawa wenyeji. Majina yote haya yataja kitu au tendo. Hakuna hata moja litajalo mume au mke.

Matumizi nayo yafuata njia hiyo. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki na huko Omani, chetezo kimoja hufukiza kanzu ya mzee aendaye msikitini siku ya Ijumaa na nguo za bibi aendaye harusini. Si kwamba watu wa pwani hawatofautishi kabisa: kikuba cha asumini na rehani ni pambo la mwanamke. Lakini udi ni wa nyumba nzima, na mgeni aletewapo chetezo haulizwi kama kinamhusu.

Huko Ulaya mfano ulio bora ni maji ya Köln. Johann Maria Farina alizaliwa mwaka 1685 katika kijiji cha Santa Maria Maggiore, kaskazini ya Italia. Alifanya kazi yake Köln, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine, ambako nduguye alifungua biashara mwaka 1709. Zama hizo manukato ya wakubwa yalikuwa mazito: miski, ambari, na zabadi ya ngawa. Farina alishika njia nyingine. Alichanganya katika spiriti safi mafuta ya maganda ya matunda ya jamii ya malimau na machungwa, hasa bergamoti. Katika barua aliyomwandikia nduguye mwaka 1708, alieleza kuwa harufu hiyo ilimkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua. Akayapa maji hayo jina la mji uliompokea, na hata leo chupa zake huandikwa kwa Kifaransa Eau de Cologne.

Maji hayo hayakubagua mnunuzi. Yalipelekwa katika majumba ya kifalme. Yalitumiwa kama dawa, hata kunywewa. Mwaka 1810 Napoleon alitoa amri kwamba wenye dawa za siri wafichue jinsi zilivyochanganywa, ndipo watengenezaji wakaona heri kuyauza kama manukato tu. Napoleon mwenyewe, mtu wa vita, aliyapenda mno na kuyatumia kwa wingi. Mkewe Joséphine, yasimuliwa, alipenda miski. Ikiwa harufu nyepesi ni ya wanawake na nzito ni ya wanaume, basi katika nyumba hiyo kila mmoja alikuwa amechukua chupa ya mwenzake.

Mgawanyo, basi, ulitoka wapi? Ulikua polepole katika karne ya 19, na katika karne ya 20 matangazo ya biashara yakaukaza. Tutazame mifano miwili. Mwaka 1889 Aimé Guerlain wa Paris alitengeneza Jicky, manukato ya lavenda na vanila, akitumia pia vanilini iliyoundwa na wanakemia. Wanaume kwa wanawake waliyavaa. Mwaka 1934 nyumba ya Caron, papo hapo Paris, ilitoa manukato mengine ya lavenda na vanila, ikayaita Pour un Homme, maana yake "kwa mwanamume". Lavenda ni ile ile na vanila ni ile ile. Kilichoongezwa ni neno juu ya chupa. Mkulima wa vanila wa Uganda, akichavusha ua moja moja kwa mkono, hajui kama mavuno yake yatamnukishia bwana au bibi.

Baadaye mambo yakaanza kurudi yalikotoka. Mwaka 1976 Jean Laporte alianzisha nchini Ufaransa nyumba ndogo iitwayo L'Artisan Parfumeur, mojawapo ya zile za kwanza kutengeneza manukato kwa wapenzi wachache, mbali na soko la umma. Nyumba nyingi za namna hiyo haziandiki mume wala mke. Mwaka 1994 kampuni ya Calvin Klein ya Marekani ikalipeleka wazo hilo kwa umma kwa CK One, manukato mepesi yenye bergamoti, wajukuu wa maji ya Farina.

Labaki swali la tabia. Wauzaji husema: manukato haya ni ya mtu huru, yale ni ya mtu jasiri. Upo ukweli kidogo. Mafuta ya malimau huruka upesi, kwa hiyo maji ya Köln hufifia baada ya muda mfupi. Udi hushika nguo kwa siku kadhaa. Anayechagua maji ya Köln achagua kitu kisichomtangulia mlangoni wala kubaki nyuma yake. Yamfaa mtu wa kiasi, na yafaa darasa la wanafunzi 50. Anayejifukiza udi ataka kukumbukwa. Hayo ni mapendeleo, nayo yaweza kunuswa. Uaminifu, ushujaa na upole haviuzwi chupani, na wahenga walikwisha kutuonya: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sisi walimu tunalo jukumu hapa, maana wanafunzi wetu huyasoma matangazo kabla ya kuvisoma vitabu. Mvulana akichekwa darasani kwa kunukia waridi, wenzake waelezwe habari za mrashi, na jinsi maji ya waridi yalivyonyunyiziwa wageni wenye heshima, wanaume na wanawake. Kisha wakusanye majina ya manukato wayajuayo, watafute asili ya kila neno, na watunge sentensi yenye "manukato yake". Wajadili ni nani mwenye manukato hayo. Wataona kwamba sentensi imekamilika bila jibu.