Masisi: udongo mzuri, mikono haiko

Milima ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, imelisha Goma kwa miaka mingi: maharagi, viazi, mahindi, maziwa na jibini. Watu wa Masisi wakikimbia, soko la Goma nalo linateseka. Lakini shida ya kukosa mikono shambani haikuanza na vita vya leo.

Mwaka 1937, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda kazi maalum ya kuhamisha watu kutoka Rwanda, iliyojulikana kama MIB. Wazungu walifungua mashamba makubwa huko milimani na wakakosa vibarua. Rwanda ilikuwa na watu wengi na ardhi kidogo. Mpaka 1955, watu kama 85,000 walikuwa wameletwa, kwa hesabu ambayo wanahistoria hutaja. Wengine wanaosema Kinyarwanda walikuwa Kivu tangu mbele, hasa Rutshuru. Mzungu alipata vibarua, lakini ardhi iliyogawiwa ilikuwa na wenyewe, na machifu wa Wahunde walilalamika.

Mwaka 1973, sheria mpya ilisema ardhi yote ni ya serikali. Mwaka uleule, Mobutu alianza kugawia wakubwa wa Zaire mashamba ya wageni. Mkulima mdogo alibaki na jembe bila karatasi.

Mwezi wa tatu 1993, mauaji yaliyoanza Ntoto, Walikale, yalifika Masisi. Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Makambi ya Mugunga, Kibumba na Katale yakajaa, na miti ya Virunga ikakatwa kwa kupata kuni. Huko Masisi ng'ombe waliporwa, mashamba yakageuka pori.

Tangu vita vya M23 virudi, mambo ni yaleyale. Familia zilijazana Kanyaruchinya na Bulengo. Mwezi wa pili 2025, Goma ikiwa imeshatekwa, makambi yalivunjwa na watu wakatakiwa kurudi kwao.

Kilimo hakingojei. Msimu wa kwanza unaanza mwezi wa tisa, wa pili mwezi wa pili au wa tatu. Maharagi yanahitaji karibu miezi mitatu. Anayekimbia wakati wa kupanda anapoteza msimu mzima, na mbegu aliyoficha inaliwa njiani. Akifika karibu na mji, anatafuta kibarua cha siku. Hapo mikono ni mingi kupita kazi, malipo yanashuka. Kule alikotoka, majani yanafunika shamba.

Basi anayerudi anahitaji mbegu, jembe na njia salama. Anahitaji pia jibu moja ambalo Masisi inalingojea tangu 1937: shamba hili ni la nani? Bila jibu hilo, anaweza kukuta mwingine amelima, na safari ya kukimbia ikaanza tena.