Samaki wa Tanganyika waliosafiri mbali, na kwa nini wengi walikufa walipofika

Uvira, Kivu ya Kusini. Wiki iliyopita mama mmoja aliyekimbia vita, anayeishi kwa jamaa zake hapa mjini, aliniletea beseni. Ndani yake vifaranga vya tilapia vilielea tumbo juu. Alikuwa amevinunua siku mbili mbele, akavibeba katika bido, akavimwaga ndani ya shimo alilolitandika hema na kulijaza maji ya bomba. Feza yote aliyokuwa nayo ilikuwa imeishia hapo. Jirani walikuwa wanasema muuzaji ametia sumu, na vijana walitaka kwenda kumkamata.

“Papa, huyu mutu ameniua,” aliniambia.

Nilimwomba angoje kidogo. Neno hili la samaki kufa mara tu wanapofika nyumbani lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kwenye ziwa letu.

Kule Ulaya, watu walianza kufuga samaki ndani ya masanduku ya vioo, yanayoitwa akwariamu, katikati ya karne ya 19. Mwaka 1850, mkemia Mwingereza Robert Warington alionyesha kwamba samaki wanaweza kuishi muda mrefu ndani ya chombo kimoja kama wana majani ya majini na konokono wa kusafisha uchafu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote. Matajiri wakaanza kununua, lakini samaki wengi walikufa haraka, na wenye kuwanunua hawakujua sababu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege na mifuko ya plastiki vilibadilisha biashara hiyo. Samaki aliweza kufungwa katika mfuko wenye maji kidogo na hewa ya oksijeni nyingi, akavuka bahari kwa siku moja au mbili. Mbelgiji Pierre Brichard alifanya kazi hiyo kwanza Leopoldville, leo Kinshasa, akiuza samaki wa mto Congo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Bujumbura na kuanza kupeleka ng’ambo samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika. Wataalamu walikuwa wamewajua kabla yake. Mwaka 1959, Georges Marlier, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha IRSAC hapa Uvira, aliandika juu ya samaki ambaye akiwa mchanga ni mweusi mwenye madoa meupe, akamwita Tropheus duboisi. Leo samaki huyo yumo ndani ya nyumba za watu Ujerumani, Marekani na Japani, wakati wengi wetu tunaoishi karibu na mawe yake hatumjui.

Sasa, kwa nini walikufa kule? Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Maji ya Tanganyika ni mazito kwa chumvi za mawe, na kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Maji ya mito mingi ya msitu wa Congo ni mepesi na yana uchachu. Mnunuzi wa Ulaya aliyechanganya samaki wa msituni na wa Tanganyika katika sanduku moja, lazima upande mmoja uumie.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Samaki anatoa uchafu unaoitwa amonia, nao ni sumu kwake mwenyewe. Ziwani maji ni mengi, tena kuna bakteria wanaoigeuza amonia hiyo kuwa kitu kisicho kikali. Sanduku jipya, au shimo jipya, halina bakteria hao bado. Wanahitaji kama wiki nne mpaka sita ili waongezeke vya kutosha. Mnunuzi aliyejaza sanduku leo na kutia samaki kumi kesho aliwaona wazuri siku mbili tatu, kisha wakaanza kufa mmoja mmoja. Maji yalikuwa yanang’aa, ndiyo maana alimlaumu muuzaji.

Sababu ya tatu ni safari. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki inajaza maji hewa ya kaboni, na pH inashuka. Hali hiyo inafanya amonia iliyokusanyika isiwe kali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inakuwa sumu kwa muda mfupi. Samaki aliyevumilia safari nzima anaweza kufia mlangoni.

Ya nne ni chakula. Tropheus anakula majani madogo yanayoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu. Akipewa nyama na vyakula vizito, na huku bado ana hofu ya safari, tumbo linavimba, anakufa.

Lakini si kila samaki aliyehamishwa alikufa. Kati ya 1958 na 1960, vifaranga vya ndakala vilitolewa Tanganyika na kupelekwa Ziwa Kivu. Vilikuwa vya aina mbili. Ndakala ni samaki dhaifu, ukimgusa tu magamba yanatoka. Aina moja haikushika. Ya pili ilizaa, ikaenea ziwa zima, na ndiyo sambaza tunaowajua Goma na Bukavu, wanaolisha maelfu ya jamaa. Iliwasaidia kwamba maji ya Kivu nayo yana chumvi na pH ya juu, na tena ndiyo yanayoshuka kwa Ruzizi mpaka kwetu. Pia walikuta katikati ya ziwa chakula kisichokuwa na samaki wa kukila.

Narudi kwa mama yetu. Nilimwuliza maji ya shimo aliyatoa wapi. Ya bomba, yenye klorini, asubuhi ile ile. Bido aliibeba saa ngapi? Saa sita, kwenye jua. Aliwapa chakula lini? Mara tu walipofika, unga mkono mzima. Basi hapakuwa na haja ya kutafuta sumu ya muuzaji.

Kwa jamaa wote wanaotaka kujaribu ufugaji huu, shikeni haya. Maji ya bomba yakae wazi siku moja au mbili, klorini itoke. Shimo liandaliwe wiki kadhaa mbele, na mtie ndoo ya maji na matope kidogo kutoka bwawa la zamani lenye samaki wazima. Anzeni na vifaranga vichache. Muuzaji asivilishe siku moja kabla ya safari, na mubebe asubuhi mapema. Mukifika, muweke bido au mfuko ndani ya maji ya shimo mpaka joto lilingane. Kama mumebeba katika chombo wazi, ongezeni maji ya shimo humo pole pole. Kama ni mfuko uliofungwa muda mrefu, mukishafungua, toeni samaki kwa wavu bila kukawia, na maji ya safari muyamwage pembeni. Siku ya kwanza musiwape chakula.

Jioni ile tulikwenda pamoja kwa muuzaji. Vijana walibaki nyumbani. Alisikiliza, akakubali kumpa mama vifaranga vingine nusu bei, shimo likiwa tayari.