TUFANI: NENO LA MABAHARIA



Leo nataka tusafiri pamoja, lakini chombo chetu si jahazi wala meli, ni neno moja tu. Mwingereza akitaja dhoruba kuu ya bahari ya China husema typhoon, na katika masikio yetu neno hilo hulia kama "taifuni". Mswahili alisikiapo hutega sikio, kwa maana yeye naye analo lake, tufani. Je, maneno haya ni ndugu, au yamefanana kwa sadfa, kama watu wawili wa nchi mbalimbali wafananao sura?

Na tuanze na la kwetu. Hapana shaka tufani tumeipata kwa Waarabu. Kwao ni msiba wa maji au upepo ufunikao kila kitu, na ndilo neno lililotumika katika Kurani kwa gharika ya zamani za Nabii Nuhu. Wako wanazuoni walifungamanishao na kitendo cha kuzunguka, kile kile kilichotupa tawafu, yaani mzunguko wa mahujaji katika Kaaba. Wengine husema Waarabu nao walilipokea katika lugha ya Kiaramu. Iwavyo vyote, neno lilienea Uajemi na Bara Hindi, likafika pwani yetu, kwa sababu bahari ile ilikuwa moja na mabaharia wake walijuana.

Sasa twende kwa Wayunani. Hao walisimulia habari za Typhon, jitu la kutisha lililopigana na Zeus, mkuu wa miungu yao, likashindwa na kufukiwa chini ya Etna, mlima wa moto ulioko Sicily. Walisema kwamba jitu hilo ndilo baba wa pepo mbaya, na kisulisuli nacho wakakiita typhon. Waingereza waliosoma vitabu vya Kiyunani walikuwa wamekwisha kulitumia neno hilo katika miaka ya 1550, kabla meli zao hazijazizoea bahari za mashariki.

Tena wako Wachina. Watu wa Canton wana maneno mawili yasikikayo karibu na "dai fung", maana yake upepo mkubwa.

Basi neno la Kiingereza lina mizizi mitatu. Ni upi ulio wa kweli? Tutazame njia lililopita. Wareno walipoingia katika Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15, waliwakuta mabaharia wakisema tufani, wakalichukua na kulitamka tufão. Mwaka 1588 Thomas Hickock alitoa kwa Kiingereza safari za Cesare Federici, mfanyabiashara wa Venice aliyefika Bara Hindi. Humo dhoruba ya mashariki iliandikwa touffon. Hapo neno lajionyesha wazi kuwa ndugu wa tufani yetu, wala si mtoto wa lile jitu la Wayunani. Lakini baadaye waandishi waliokumbuka Kiyunani, na mabaharia waliosikia sauti ya Wachina, walilivuta huku na huku, hata likapata sura iliyo nayo leo.

Huenda mtu akauliza, "Haya yote yamfaa nini baharia?" Yamfaa sana. Mwaka 1687 William Dampier, baharia wa Kiingereza, alipigwa na dhoruba ya namna hii karibu na pwani ya China. Aliona upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma kwa nguvu nyingi, kisha kimya kikuu, kisha upepo ukarudi kwa ghadhabu kutoka kusini-magharibi. Nahodha asiyejua hudhani kimya kile ndio mwisho, hutweka matanga, na hapo ndipo apoteapo yeye na watu wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1699 Dampier alisema kwamba dhoruba hiyo na ile ya visiwa vya Karibi, iitwayo hurricane, hazina tofauti ila jina. Neno hurricane nalo Wahispania walilipata kwa wenyeji wa visiwa vile. Aliyekwisha kujifunza dalili za moja, basi, alikuwa amezijua za nyingine.

Mwaka 1848 Henry Piddington wa Calcutta alizipa dhoruba hizo jina moja, cyclone, kwa neno la Kiyunani lenye kuleta mfano wa nyoka aliyejiviringisha. Aliwafundisha manahodha kwamba upepo wake huzunguka, na kwamba kwa kuutazama uvumako mtu aweza kukisia kitovu kiko wapi, akakikimbia.

Nasi tusidhani haya ni mambo ya mbali. Karibu na mstari wa ikweta dhoruba hizi ni nadra, kwa kuwa pale mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuuviringisha upepo. Hata hivyo tarehe 15 Aprili 1872 moja ilikipiga kisiwa cha Unguja. Vyombo bandarini vilivunjika, zikiwamo merikebu za Sultani Barghash bin Said, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ikaangushwa. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa karafuu. Neno tufani watu wa Unguja walikuwa nalo siku nyingi. Siku ile walionyeshwa maana yake.

Kwa hiyo, wasikilizaji wangu, mkiyaona maneno mawili yamefanana, msikate shauri kwa sauti peke yake. Ulizeni yalipita bandari gani. Na mkisikia majina matatu yaliyo mbalimbali, ulizeni kama kitu si kimoja. Dampier aliuliza, na kwa jibu lake mabaharia wa bahari moja waliweza kujifunza kwa misiba ya bahari nyingine.