Ugali Wetu Una Nusu ya Ekuador

Nenda Bungoma ukale wali, chapati, viazi na ndizi mpaka ushibe. Bado kuna mtu atakuuliza kama umekula. Chakula ni ugali, busuma, na siku hizi busuma ni mweupe, umesimama kwenye sinia kama mlima na kuku kando yake. Uliza ulianza lini na utajibiwa bila kusita: ni chakula cha mababu. Lakini hebu tuwafufue mababu wenyewe, wale wa miaka ya 1880, tuwaandalie sinia hiyo. Kuku watamtambua. Ule mlima mweupe watauliza ni kitu gani.

Jina lenyewe linatoboa siri. Mahindi, yaani nafaka ya kwa Wahindi. Ila si ya huko pia. Mmea huu ulianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, Wareno wakauvusha bahari baada ya 1500, na watu wa pwani yetu, waliozoea kuona vitu vipya vikija kwa majahazi kutoka upande wa Bara Hindi, wakaupa jina la upande huo. Wabukusu nao wakalipokea jina kutoka kwa Waswahili: kamaindi. Kwa hiyo katika neno moja tu umebeba Marekani ya Kati, Ureno, India na Mombasa, na bado hujawasha moto jikoni.

Kabla ya kamaindi kulikuwa na bulo, yaani wimbi, na mtama. Akina mama walisaga kwa jiwe, wakapika ugali mzito wa rangi ya udongo. Wimbi ulikuwa na sifa moja ambayo mahindi hayajawahi kuifikia: ukikauka vizuri unakaa ghalani miaka kadhaa bila kuguswa na wadudu. Ghala la wimbi lilikuwa benki. Mvua ikikosa mwaka huu, unakula akiba ya mwaka juzi.

Sasa, kwa nini tuliacha? Na kwa nini tukachagua nyeupe, wakati mahindi yapo ya manjano, mekundu na hata ya zambarau?

Jibu la rangi liko London. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wa Uingereza mashamba Trans Nzoia. Walihitaji zao la kuuza nje, na mahindi yalikubali udongo ule. Mbegu zilitoka Afrika Kusini, na nyingi kati yake, kama ile ya Hickory King, zilikuwa zimefika huko kutoka Marekani. Wanunuzi wa Uingereza waliotengeneza wanga wa viwandani walilipa zaidi kwa punje nyeupe iliyo bapa. Ya manjano walihesabu kuwa ya mifugo. Basi wakulima wa kizungu wakaifuata bei. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, ilikuta mashamba yanayozalisha mahindi meupe kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na mpango wa kuyala kama sisi. Ile imani yetu kwamba mahindi ya manjano ni chakula cha ng'ombe, iliyowafanya watu wengi wakunje uso serikali ilipoleta mahindi ya manjano ya Marekani wakati wa ukame wa 1984, ni mwangwi wa soko hilo.

Jibu la pili liko kwenye neno posho. Leo ukisema posho mtu wa Kitale anafikiria unga au mashine ya kusagia. Mtanzania anafikiria pesa za mkutano. Maana ya zamani ni mgao: kile chakula ambacho mpagazi wa msafara alipimiwa kila siku. Wazungu wenye mashamba na reli walilirithi neno hilo pamoja na desturi yake. Mfanyakazi alilipwa mshahara mdogo na kupimiwa unga, kwa kawaida ratili mbili hivi kwa siku. Unga huo haukuwa wa wimbi. Ulikuwa wa mahindi, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mengi na rahisi, hasa yasiyofaa kupelekwa ng'ambo. Wabukusu waliovuka kwenda Trans Nzoia kufanya kazi kwenye mashamba, wengi wao na familia zao, walikula mgao huo miaka nenda miaka rudi. Mtoto aliyelelewa kwa posho hakuiona kama mgao. Aliiona kama chakula cha nyumbani.

Na mambo mengine yalisukuma upande huohuo. Wimbi na mtama husimama wazi shambani, kwa hiyo lazima mtu ashinde huko akifukuza ndege. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Shule zilipowachukua watoto, ndege wakabaki na shamba. Mahindi yamejifunika maganda yake, hayahitaji mlinzi. Wimbi hupaliliwa kwa mkono, magugu yake yakifanana nao kama ndugu, wakati mahindi unayapita kwa jembe. Kisha zikaja mashine za kusaga, na mama aliyekuwa amepiga magoti mbele ya jiwe tangu alfajiri akapata wa kumpokea mzigo. Mgodi wa dhahabu wa Kakamega ulipoanza kujaa watu mapema miaka ya 1930, kulikuwa na maelfu ya vinywa vya kulisha karibu, na mkulima wa upande wa Bungoma akajua mahindi ni pesa. Hakuna aliyeitisha baraza kuamua tuache bulo. Kila nyumba iliamua kidogokidogo, na kila moja ilikuwa na sababu ya maana.

Angalia pia gunia. Kwa nini tunauza mahindi kwa gunia la kilo 90, si 100, si 80? Tisini si hesabu ya kipimo cha kilo. Ni ratili 200 za Kiingereza, ambazo ni karibu kilo 91, zikapunguzwa kidogo tulipohamia kilo. Kila msimu redio ikitangaza bei ya gunia, na mkulima wa Kiminini akishika kichwa au akicheka, bei hiyo inapimwa kwa mzani wa mkoloni. Na mzani huo haukuwa wa haki sikuzote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilianza kudhibiti biashara ya mahindi, na mkulima Mwafrika akalipwa chini ya alicholipwa Mzungu kwa nafaka ileile nyeupe.

Tufike sasa Kitale yenyewe. Mwaka 1955 kituo cha utafiti cha hapo kilianza kazi ya kuboresha mahindi, chini ya mtaalamu aliyeitwa Michael Harrison. Walianza na mbegu za mashambani, wakazichuja mpaka wakapata aina iliyoitwa Kitale Synthetic II. Ilikuwa nzuri, lakini watoto wa ukoo mmoja hufanana sana. Kuoana kwao hakuleti nguvu mpya. Harrison akasafiri Amerika ya Kusini na ya Kati, akarudi na sampuli. Moja ilikuwa mahindi ya milimani kutoka Ekuador, yenye jina la kiofisi tu: Ecuador 573. Haikuwa mbegu ya kujivunia. Lakini walipoipandisha na ile ya Kitale, mtoto akazidi mzazi wake wa Kitale kwa mavuno, karibu asilimia 40. Nyanda za juu za huko na za huku zina baridi na urefu unaokaribiana, na koo mbili zilizotengana kwa karne nyingi zikakutana Trans Nzoia kama watu waliokuwa wakitafutana.

Mtoto huyo aliitwa H611, akatolewa kwa wakulima mwaka 1964, miezi michache baada ya Uhuru. Aliyemzalisha kwa wingi ni Kenya Seed Company, kampuni iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, na hapa kuna jambo lingine la kuchekesha: ilianza na mbegu za nyasi za malisho ya ng'ombe. Mbegu ilifungwa kwenye pakiti ndogo, ikauzwa kwenye maduka ya vijijini, na mkulima wa ekari mbili Kimilili akainunua sawa na tajiri wa ekari elfu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wakulima wa magharibi mwa Kenya waliipokea mbegu hii kwa kasi isiyopungua ile ya wakulima wa Marekani miaka ya 1930. Wale walioitwa wakulima wa jadi, wazito wa kubadilika! Leo mjukuu wake H614D, aliyetolewa mwaka 1986, bado anapandwa, na wazee wanamtaja kwa tarakimu tu, "six-fourteen", kama jina la jirani.

Lakini mkataba wa mbegu hii una masharti. Ukipanda punje za mavuno yako, mwaka wa pili nguvu inashuka. Kwa hiyo kila Machi unarudi dukani, na mbegu inataka mbolea, na mbolea ina bei yake. Mahindi ya Kitale yanakaa shambani zaidi ya miezi mitano, hivyo mvua ikikukosa mara moja, umekosa mwaka mzima. Ghalani dumuzi hawangoji. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uligunduliwa Bomet kisha ukasambaa, na watu wakaona shamba zima likikauka kabla ya kuzaa. Aliye na mahindi peke yake hana pa kukimbilia. Babu yake, mwenye ghala la wimbi, alikuwa napo.

Wimbi wenyewe haujafa kabisa. Mwezi wa Agosti, miaka ya shufwa, Wabukusu wanapowatahiri vijana wao, busaa lazima itengenezwe, na busaa inataka kimea cha wimbi. Ndiyo maana bado utaona kipande kidogo cha bulo nyuma ya nyumba, kando ya ekari za mahindi. Sahani ilisahau, sherehe ikakumbuka.

Tukisema ugali mweupe ni mila yetu, hatudanganyi. Umri wake kwenye sinia zetu haufiki miaka mia na hamsini, na mila ina haki ya kuwa changa. Ila tujue iliingia kwa bei, kwa mgao, kwa mashine na kwa pakiti ya mbegu. Kilichoingia kwa mlango huo kinaweza kupisha nafasi kwa mlango huohuo. Wakati wa kupanda ukifika, kabla hujajaza shamba lote mahindi, ule upande wa nyuma ya nyumba uongeze hatua kumi.