Dunhill, Peterson, Hilson, Missouri: jina lililo juu ya kiko cha babu linasema nini?

Katika vijiji vingi vya Kivu na Ituri, kiko bado ni kitu cha wazee. Vingine ni vya udongo ao vya mti na vinatengenezwa kwetu. Vingine vilitoka Ulaya wakati wa Wabelgiji, vikabaki ndani ya masanduku ya familia. Siku hizi vitu kama hivyo vinapigwa picha na kuuzwa kwa WhatsApp. Mmoja anaachilia kwa dolari 5 kitu chenye thamani ya dolari 100. Mwingine anatoa dolari 100 kwa kitu cha dolari 5, juu ameona jina kubwa limeandikwa pale.

Makala hii inalinganisha chapa zinazojulikana zaidi, ao marke kama tunavyosema. Inaonyesha kila moja ilitoka wapi, inatambulika namna gani, na tofauti ya bei inatokana na nini. Tena kuna jambo moja ambalo hakuna marke inayolibadilisha, nalo ni moshi. Tutalisema mwishoni.

Mbele ya jina, angalia kimetengenezwa na nini

Viko vingi vya Ulaya vinachongwa katika mti ambao Wafaransa wanauita bruyère, tuseme briyeri. Ni mti mdogo wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Hawatumii shina wala tawi, wanatumia nundu inayoota chini ya ardhi, kati ya shina na mizizi. Nundu ile ni ngumu na haishiki moto haraka. Inachemshwa saa nyingi kusudi utomvu utoke, kisha inaanikwa kwa miezi mingi. Mti huo, jina lake la kisayansi Erica arborea, unaota pia juu ya milima ya Afrika, hata Ruwenzori. Lakini upande wetu wa Ruwenzori ni ndani ya Parke ya Virunga, na kukata ao kuchimba miti mle ni kosa mbele ya sheria. Mtu asidanganywe kwamba kuna biashara pale.

Kitu cha pili ni jiwe jeupe, jepesi sana, ambalo Wafaransa na Wajerumani wanaliita «povu la bahari». Linachimbwa hasa Eskişehir, Uturuki. Likivutwa muda mrefu linageuka rangi ya asali. Cha tatu ni udongo wa kuchoma, na cha nne ni gunzi la mahindi.

Dunhill, ya Uingereza

Alfred Dunhill alifungua duka la tumbako London mwaka 1907, na mwaka 1910 akaanza kutengeneza viko vyake mwenyewe. Tangu 1915 vinabeba nukta nyeupe juu ya mrija. Inasemekana ilitiwa kusudi mvutaji ajue upande gani wa mrija unakaa juu. Nukta ile njo ikawa alama ya kujulikana dunia nzima.

Dunhill njo chapa ya bei kubwa kati ya zote tunazotaja hapa. Kipya kinauzwa kwa mamia ya dolari, na cha zamani kilichotunzwa vizuri kinatafutwa na wakusanyaji. Tazama maneno MADE IN ENGLAND yaliyogongwa juu ya mti: tarakimu ndogo inayoyafuata inasaidia kujua mwaka. Lakini nukta peke yake haitoshi. Chapa ya Kijerumani Vauen nayo inatia nukta juu ya mrija, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kutia nukta juu ya kitu chochote. Soma maandishi, usitazame nukta tu.

Peterson, ya Ayalandi

Ndugu wawili wa jina Kapp, waliotoka Nürnberg kule Ujerumani, walifungua duka Dublin mwaka 1865. Charles Peterson, fundi aliyetoka Latvia, akajiunga nao. Mwaka 1890 alipata hati ya uvumbuzi kwa kitu kilichojulisha jina lake: ndani ya kiko, chini ya njia ya moshi, alichimba kishimo kidogo kinachopokea maji ya tumbako. Hivyo maji hayapandi kinywani. Baadaye akavumbua pia mdomo wa mrija wenye tundu linaloelekea juu, si mbele, kusudi moshi usichome ulimi.

Peterson inatambulika kwa herufi P na kwa pete ya chuma ao ya feza pale mrija unapoingia. Kama pete ni ya feza ya kweli, ina vialama vidogo vya serikali, na herufi moja kati ya vile inaonyesha mwaka. Ukikuta maneno IRISH FREE STATE, ujue hilo lilikuwa jina la nchi ile kuanzia 1922 mpaka 1937, kwa hiyo kiko kile ni cha miaka ile. Kwa bei, Peterson mpya iko katikati: mara nyingi karibu dolari 100 na zaidi.

Chacom na Butz-Choquin, za Ufaransa

Saint-Claude ni mji mdogo katika milima ya Jura. Watu wa pale walikuwa mafundi wa kuchonga mti tangu zamani, na katikati ya karne ya 19 walianza kazi ya briyeri. Kwa miaka mingi, viko vya mji ule vilienda dunia nzima, hata kwa nchi zilizotawaliwa na watu wa Ulaya. Chacom ni jina lililounganishwa na majina ya familia mbili, Chapuis na Comoy. Alama yake ni herufi CC ndani ya mrija. Butz-Choquin ilianza Metz mwaka 1858, kisha ikahamia Saint-Claude mwaka 1951. Zote mbili ni viko vizuri vya kila siku. Bei yake ni ya chini kuliko Dunhill, na si juu ya ubaya wa mti: wanatengeneza vingi, na jina halilipishwi sana.

Hilson, ya Ubelgiji

Hii njo marke ambayo familia ya Kikongo haipaswi kushangaa kuikuta. Katika mji mdogo wa Bree, jimbo la Limburg, kazi ya viko ilianza karne ya 19 kwa udongo, kisha wakaingia kwa briyeri. Familia ya Hillen njo ilijulisha jina la Hilson. Mwaka 1980 kampuni ilianguka, na jina likanunuliwa na Gubbels wa Uholanzi, watu waliokuwa wanatengeneza Big Ben. Hilson si ya bei kubwa sokoni. Kwa mkusanyaji ni kitu cha dolari chache ao makumi, si mamia. Lakini kwa familia inaweza kuwa kumbukumbu ya mzee aliyeipokea, na hiyo haina bei.

Savinelli, Stanwell na Vauen

Savinelli ilianza kama duka Milano mwaka 1876, na viko vyake vinatengenezwa Italia kaskazini. Inajulikana kwa kichujio cha mti laini wa balsa, upana wa milimita 6.

Stanwell ilizaliwa Denmark wakati wa vita ya pili ya dunia. Poul Nielsen aliianzisha mwaka 1942, kisha akashirikiana na fundi Sixten Ivarsson, aliyeleta maumbo mapya yaliyoigwa na wengi. Alama yake ni herufi S yenye taji. Miaka ya 2009 na 2010 kazi ilihama Denmark, ikaenda Italia. Juu ya hiyo, wakusanyaji wanapenda zaidi zile za zamani.

Vauen ya Nürnberg inahesabu mwanzo wake mwaka 1848. Wajerumani wanapenda kichujio cha makaa cha milimita 9, na Vauen njo waliokisambaza.

Kwetu, swali la kichujio ni la kweli: utakinunua wapi Butembo, Bunia ao Uvira? Kiko chenye tundu la milimita 9 bila kichujio kinavuta vibaya, kinaloa ndani. Mbele ya kununua, uliza kama kinakuja na kipande cha kuziba nafasi ile.

Missouri Meerschaum na Falcon, za Marekani

Mwaka 1869, katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, mkulima mmoja alimletea fundi seremala Henry Tibbe, mhamiaji kutoka Uholanzi, gunzi la mahindi ili amtengenezee kiko. Kikapendwa, Tibbe akageuza kazi. Mwaka 1878 alipata hati ya uvumbuzi kwa namna ya kupaka gunzi plasta ili lisiungue haraka. Jina Missouri Meerschaum ni kama utani: linalinganisha gunzi na lile jiwe la povu la bahari. Kampuni bado iko mji ule ule. Jenerali Douglas MacArthur alifanya kiko cha gunzi kijulikane kupitia picha zake za wakati wa vita.

Kinauzwa kwa dolari chache tu. Hakidumu kama briyeri, lakini siku ya kwanza kinavuta vizuri bila kuzoezwa, na wavutaji wengi wenye Dunhill nyumbani wana cha gunzi pia. Hapo unaona wazi: bei kubwa inalipa mti uliochaguliwa, saa za fundi na jina. Hailipi utamu wa tumbako.

Falcon ilivumbuliwa Marekani mwaka 1936, kisha ikapendwa sana Uingereza. Mrija wake ni wa aluminiamu na kichwa kinafunguliwa kama burushi ya skurubu. Kichwa kikiharibika, unabadilisha kichwa peke yake.

Chapa yenye jina letu: Kiko

Wengi hawajui kwamba kuna marke ya kimataifa iliyoitwa kwa Kiswahili. Kule Sinya, bonde la Amboseli, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kunapatikana jiwe lile la povu la bahari. Toka miaka ya 1950, Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vya jiwe lile, vingi vikiuzwa Ulaya kwa jina la Kiko na alama ya tembo. Leo vinauzwa kama vitu vya kale. Ukikuta kimoja, ujue si cha Uturuki: ni cha Afrika ya Mashariki.

Na Kongo yenyewe ilikuwa na mafundi mbele ya marke zote hizi kufika. Viko vya mti vya Wakuba wa Kasai, vilivyochongwa sura za watu, vimewekwa katika makumbusho ya Ulaya, kwa mfano Tervuren. Basi, kiko kisichokuwa na jina lolote juu yake kinaweza kuwa na thamani kuliko chenye jina. Usikitupe.

Ukitaka kuuza ao kununua

Kwanza, usisugue kwa msasa na usipake vernis. Maandishi yakifutika, thamani inafutika nayo. Pangusa tu kwa kitambaa kikavu, kisha piga picha ya maandishi kwa mwanga wa mchana, upande kwa upande.

Pili, chungulia ndani ya kichwa. Masizi si shida, yanatolewa. Ufa ao sehemu iliyoungua mpaka mti, hiyo njo shida.

Tatu, puliza taratibu kwenye mrija. Hewa ipite bila nguvu. Tazama pia tundu la moshi: linapaswa kutokea chini kabisa ya kichwa, katikati. Likitokea juu ao pembeni, tumbako ya chini haitawaka.

Nne, mrija wa zamani wa mpira mweusi unageuka kijani ama kahawia kwa jua. Ni kawaida, si alama ya uongo.

Tano, kama kuna pembe ya tembo, usikitume nje ya nchi. Biashara ya pembe kati ya nchi inakatazwa, na aliyebeba njo anayekamatwa.

Sita, usikubali bei ya mtu wa kwanza. Mnunuzi anayesema «hiki hakina kitu» lakini hataki kukiachilia, tayari amekupa jibu.

Moshi hauna marke

Watu wengi wanasema kiko si kibaya kama sigara, juu mvutaji hamezi moshi. Si kweli kwamba kinaokoa. Kuvuta kiko kunaleta kansa ya mdomo, ya koo na ya mapafu, pamoja na magonjwa ya moyo. Kishimo cha Peterson kinapokea maji, hakiondoi sumu. Kichujio cha balsa ao cha makaa kinapoza na kukausha moshi, hakiufanyi kuwa hewa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba tumbako inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao kuna wasiovuta, waliopumua moshi wa wengine. Kwetu, penye kifua kikuu bado kingi, tumbako inaongeza hatari ya kukipata na ya kufa nacho.

Kwa hiyo, mzee asiyetaka kuacha aombwe angalau avutie inje, mbali na watoto na mama mwenye mimba. Anayetaka kuacha aende kwa kituo cha afya, aseme wazi, asione haya. Na kijana anayekiona kiko cha Dunhill kuwa alama ya ukubwa, akitunze kama kitu cha historia ya familia, kikae kabatini bila tumbako.