Ufahamu Ufundi wa Nguo za Magome na Funzo Lake kwa Misitu ya Usambara

Utengenezaji wa nguo za magome ya miti ni miongoni mwa kazi za mikono za kale zaidi katika Afrika Mashariki. Kabla ya nguo za pamba kuenea, Wahaya wa Mkoa wa Kagera na Waganda wa nchi jirani ya Uganda walizivaa, na huko Buganda zingali zikitumika katika kutawazwa kwa mfalme na katika mazishi. Mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliutambua ufundi huo wa Uganda, na mwaka 2008 uliingizwa katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika.

Namna zinavyotengenezwa

Gome huvunwa wakati wa mvua kutoka mti wa mutuba, wa jamii ya mikuyu, ambao jina lake la kitaalamu ni Ficus natalensis. Fundi hukwangua ganda la juu, kisha hubandua gome la ndani. Shina lililobaki wazi hufunikwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Kwa njia hiyo mti mmoja huvunwa tena kwa miaka mingi bila kukatwa.

Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi litanuke na kulainika, kisha huanikwa juani na kupata rangi ya udongo mwekundu.

Magome na uchoraji

Nchini Mexico, magome ya miti ya jamii hiyohiyo hutengenezwa karatasi ya amate, ambayo wachoraji wa vijijini walianza kuipamba kwa picha za maisha yao katika miaka ya 1960. Katika muongo huohuo, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza jijini Dar es Salaam mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake hadi leo. Yeye alitumia mbao za masonite na rangi za baiskeli.

Funzo kwa Usambara

Si kila mti hustahimili kubanduliwa gome. Mti ukichunwa kuzunguka shina lote bila uangalizi, hufa. Jambo hili ni zito katika Milima ya Usambara, yenye hifadhi za mazingira asilia za Magamba na Amani na viumbe wasiopatikana kwingine duniani.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuvuna mazao katika msitu wa hifadhi. Mafundi wa Buganda hutegemea miti iliyopandwa mashambani, kati ya migomba na mibuni. Mazao hayo hustawi pia Lushoto. Hivyo anayetaka kujifunza ufundi huu ana nafasi ya kuanza kwa kupanda mti shambani mwake, na kuuacha msitu ulivyo.